Nyimbo za Vipindi vya Televisheni na Waliozitunga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila watu wanapozungumzia nyimbo za vipindi wanavyovipenda: nani aliutunga, nani aliuimba, nani alilipwa, na mbona jina la fulani halikutajwa. Yamepangwa kuanzia yale mepesi hadi yale yenye utata, na jibu linalohitaji maelezo yaliyotolewa kwingine linamwelekeza msomaji huko.

## Mambo ya msingi

Wimbo wa utambulisho ni upi hasa?

Ni muziki mfupi, wenye maneno au wa ala tupu, unaopigwa kipindi kinapofunguliwa na mara nyingi kinapofungwa, ili mtu akitambue kipindi hata kabla hajaitazama picha. Usichanganywe na muziki wa ndani ya kipindi, yaani ule unaosindikiza matukio na ambao mara nyingi hutungwa upya kwa kila sehemu. Kazi hizo mbili huweza kufanywa na mtu mmoja, kama alivyofanya Jan Hammer katika Miami Vice, lakini pia huweza kugawanywa, na hiyo ndiyo sababu kipindi kimoja huweza kuwa na watunzi wawili waliotajwa.

Kwa nini nyimbo hizi hung'ang'ania kichwani?

Sababu moja ni marudio: hakuna santuri ambayo mtu wa kawaida angeisikiliza kila wiki kwa miaka saba bila kuichagua mwenyewe. Sababu nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi, ni ufinyu wa muda. Mtunzi hupewa sekunde 30, au 60 akibahatika, naye hana nafasi ya kuzunguka. Inambidi ashike wazo moja tu na kulisema waziwazi.

Wimbo wa The Addams Family wa mwaka 1964 ni mfano mzuri: noti nne, kisha vidole vinaalishwa mara mbili. Mtu aliyesahau maneno yake yote bado anakumbuka mahali pa kualisha vidole.

Wimbo wenye maneno ni bora kuliko wa ala tupu?

Kila mmoja una kazi yake. Vichekesho vya televisheni vimependelea maneno kwa sababu maneno hueleza kisa kwa haraka: mtu aliyekosa sehemu ya kwanza ya The Fresh Prince of Bel-Air, iliyoanza mwaka 1990, hupewa habari nzima na Will Smith kabla mazungumzo hayajaanza. The Jeffersons ya mwaka 1975 inafanya hivyo kwa ufupi zaidi, katika wimbo uliotungwa na Ja'net DuBois na Jeff Barry, na kuimbwa na DuBois mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa mwigizaji katika kipindi kingine, Good Times.

Tamthilia za upelelezi na za kutisha huelemea ala tupu, kwa kuwa hazitaki kueleza chochote mapema. Zaidi ya hayo, muziki usio na maneno huvuka mipaka ya lugha bila kuhitaji mkalimani.

Upi ni bora kuliko zote?

Hakuna kipimo cha kumaliza ubishi huo, ingawa tuzo za Emmy zina kipengele maalumu cha muziki wa utambulisho. Nikilazimishwa kutaja mmoja, nitautaja wa Mission: Impossible, na sababu zimo katika jibu linalofuata.

## Watunzi na kazi zao

Nani alitunga muziki wa Mission: Impossible, na mbona haupigiki makofi?

Ni Lalo Schifrin. Alizaliwa Buenos Aires mwaka 1932, mtoto wa mpiga fidla wa okestra ya Teatro Colón, akasomea muziki Paris, kisha akawa mpiga piano na mpangaji wa muziki wa Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta wa jazi. Tamthilia ilianza kuonyeshwa mwaka 1966. Schifrin alifariki Juni 2025.

Makofi hayaukubali kwa sababu muziki mwingi wa kuchezwa huhesabiwa kwa mapigo manne, nao huu unahesabiwa kwa matano. Gonga meza huku ukihesabu haraka: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili, moja-mbili, na ukazie kila "moja". Utaisikia besi ikijitokeza yenyewe chini ya vidole. Mapigo mawili marefu na mawili mafupi: kwa alama za Morse, hizo ni herufi M na I, ambazo ndizo herufi za kwanza za jina la tamthilia. Hesabu hiyo yenye kuchechemea ndiyo inayomfanya msikilizaji ahisi kwamba muda unamponyoka, na hisia hiyo haitokani na kasi peke yake.

Filamu ya kwanza ilipotoka mwaka 1996, Adam Clayton na Larry Mullen Jr. wa bendi ya U2 waliurekodi upya, na kwa sehemu kubwa wakaugeuza kuwa wa mapigo manne ili uchezeke. Uliuzika vizuri sana, lakini wasiwasi wake ulipungua.

Ni kweli kwamba Henry Mancini ndiye aliyeingiza jazi katika televisheni?

Hakuwa peke yake, lakini Peter Gunn ya mwaka 1958 ndiyo iliyowaonyesha wakuu wa vituo kwamba muziki wa namna hiyo unauzika. Albamu yake ilishinda tuzo ya Albamu Bora ya Mwaka katika hafla ya kwanza kabisa ya Grammy, mwaka 1959. Sehemu ya piano, ile inayozunguka palepale bila kuchoka, ilipigwa na kijana aliyeitwa Johnny Williams, ambaye baadaye dunia ilimfahamu kama John Williams, mtunzi wa muziki wa Star Wars.

Wajuzi wengine husema kwamba muziki mkuu wa Peter Gunn unaegemea roki kuliko jazi, na Mancini mwenyewe alikubaliana nao. Jazi imejaa zaidi ndani ya vipindi vyenyewe.

Quincy Jones alitunga nyimbo zipi za televisheni?

Zinazoulizwa zaidi ni Ironside ya mwaka 1967, yenye sinthesaiza (ala ya kielektroniki ya kuunda sauti) inayolia kama king'ora, na Sanford and Son ya mwaka 1972, ambayo muziki wake una jina lake wenyewe, The Streetbeater. Alifanya pia muziki wa Roots mwaka 1977, na jina lake limo katika wimbo wa The Fresh Prince of Bel-Air pamoja na la Will Smith. Ukizisikiliza The Streetbeater na Roots moja baada ya nyingine, ni vigumu kuamini kwamba zimetoka kwa mtu mmoja.

Mike Post ni nani, na ile sauti ya Law & Order ni ala gani?

Mike Post ni mtunzi wa Marekani aliyetawala tamthilia za polisi na mahakama kwa miongo kadhaa: The Rockford Files akishirikiana na Pete Carpenter, Hill Street Blues ya mwaka 1981 ambayo gitaa lake lilipigwa na Larry Carlton, na Law & Order iliyoanza mwaka 1990.

Ile sauti ya vishindo viwili vinavyotenganisha matukio katika Law & Order si ala moja. Kwa maelezo ya Post mwenyewe, ni sauti kadhaa zilizopandanishwa, mojawapo ikiwa ya kundi kubwa la wanaume wakikanyaga sakafu ya mbao. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba mtu aliyetunga nyimbo nyingi hivyo anaulizwa zaidi kuhusu vishindo viwili.

Wa The Simpsons ulitungwa na nani?

Na Danny Elfman, aliyekuwa kiongozi wa bendi ya Oingo Boingo. Kipindi kilianza Desemba 1989.

Watunzi wa siku hizi wanaostahili kufuatiliwa ni akina nani?

Ramin Djawadi, mzaliwa wa Duisburg, Ujerumani, alitunga muziki wa Game of Thrones ya mwaka 2011. Watayarishaji walimwomba asitumie filimbi, kwa kuwa zimetumika mno katika hadithi za falme za kubuni. Yeye akaiweka mbele selo, ala ya nyuzi yenye sauti nzito kuliko fidla. Nicholas Britell alitunga ule wa Succession wa mwaka 2018, ambapo piano inayosikika kama imeachiwa nyuzi zake zilegee inakutana na mdundo wa hip-hop, na kazi hiyo ikampatia Emmy mwaka 2019.

Cristobal Tapia de Veer, mzaliwa wa Chile anayeishi Kanada, ndiye wa The White Lotus, na muziki huo ulimpatia Emmy mwaka 2022. Msimu wa pili aliugeuza ukawa muziki wa kuchezwa ukumbini, na sauti zake zinazokaribia vigelegele zikapendwa kuliko jambo jingine lolote katika kipindi. Msimu wa tatu ulipotoka mwaka 2025 bila sauti hizo, watazamaji walilalamika, naye akatangaza hadharani kwamba anaondoka baada ya kutoelewana na watayarishaji wa kipindi. Ni mara chache mabadiliko ya sekunde tisini hivi kuzua mjadala wa namna hiyo.

## Nani hasa aliutengeneza?

Muziki wa Doctor Who ni wa Ron Grainer au wa Delia Derbyshire?

Ni wa wote wawili, ijapokuwa kwa miaka 50 skrini ilimtaja mmoja tu. Ron Grainer, Mwaustralia, aliandika noti zake mwaka 1963 katika karatasi moja, akiweka maelezo ya jumla kuhusu sauti alizozitaka, kama vile mawingu na mapovu ya upepo. Kutoka hapo kazi ilipelekwa kwenye karakana ya sauti ya BBC, iliyoitwa Radiophonic Workshop, ambako Delia Derbyshire, akisaidiwa na Dick Mills, aliibadili karatasi hiyo kuwa sauti.

Sinthesaiza za kununuliwa dukani hazikuwapo bado. Derbyshire alirekodi mlio wa uzi mmoja uliodonolewa, akaucheza kwa kasi mbalimbali ili kupata noti za juu na za chini, akakata kila noti katika mkanda wa sumaku kwa urefu wake kamili, kisha akaviunganisha vipande kimoja kimoja. Sauti nyororo za juu zilitoka katika mitambo ya kupimia umeme. Kwa kuwa hapakuwa na mashine ya kurekodi sauti nyingi katika mkanda mmoja, mikanda ilichezwa katika mashine tofauti zilizoanzishwa kwa wakati mmoja. Palipotokea noti iliyochelewa na wasijue iko katika mkanda upi, waliikunjua mikanda hiyo sambamba sakafuni katika ukumbi mrefu wa kupitia, wakatembea wakilinganisha viungo hadi walipokiona kile kisicholingana na vingine.

Grainer alipousikia, aliuliza kama kweli ni yeye aliyeutunga. Alitaka Derbyshire ahesabiwe mtunzi mwenza na apate sehemu ya mirabaha, yaani malipo yanayotolewa kila kazi inaporushwa, lakini utaratibu wa BBC wakati huo haukuruhusu wafanyakazi wa karakana kutajwa kwa majina. Derbyshire alifariki mwaka 2001. Jina lake lilionekana katika orodha ya kipindi mwaka 2013, katika sehemu ya kuadhimisha miaka 50.

Kwa maoni yangu ubishi huu una jibu: ukiondoa noti za Grainer, hakuna wimbo, ukiondoa kazi ya Derbyshire, upo wimbo ambao hakuna anayeukumbuka.

Ni kweli kwamba mtunzi wa The Twilight Zone hakujua kuwa muziki wake umetumika?

Msimu wa kwanza, wa mwaka 1959, ulikuwa na muziki wa Bernard Herrmann, ambao ni mwingine kabisa. Ule wa gitaa linalorudia noti nne ulianza msimu wa pili, mwaka 1960. Ulitokana na vipande viwili vifupi ambavyo Marius Constant, Mfaransa mzaliwa wa Romania, alikuwa ameviandikia maktaba ya muziki ya CBS, kituo cha televisheni cha Marekani. Mhariri aliviunganisha, na Constant alipata habari baadaye. Vipande vya maktaba hununuliwa kwa malipo ya mara moja ili vitumike popote, kwa hiyo utaratibu haukuvunjwa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwarifu.

Kwaya ya The Addams Family ni ya akina nani?

Ni ya mtu mmoja. Vic Mizzy, mtunzi, aliambiwa kwamba hakuna fedha za kuwalipa waimbaji, akaingia studio akaimba mara tatu na kupandanisha sauti zake. Ted Cassidy, aliyeigiza kama mtumishi Lurch, ndiye anayetamka yale maneno machache kwa sauti nzito. Mizzy alibaki pia na haki za uchapishaji wa wimbo, uamuzi uliomlipa maisha yake yote; sababu yake inaelezwa katika jibu linalofuata.

## Fedha na haki

Mtunzi hulipwaje?

Kwa kawaida kwa njia mbili. Ya kwanza ni ada ya kazi, inayolipwa mara moja. Ya pili ni mirabaha, ambayo hukusanywa na vyama vya haki za watunzi kila kipindi kinaporushwa, nayo hugawanywa kati ya mtunzi na mchapishaji. Hapo ndipo Mizzy alipoona mbali: aliyeshika haki za uchapishaji hupokea mafungu yote mawili.

Kisa cha M*A*S*H kinaonyesha uzito wa njia hiyo ya pili. Filamu ya mwaka 1970 iliongozwa na Robert Altman, muziki ukatungwa na Johnny Mandel, na maneno yakaandikwa na Mike, mtoto wa Altman, aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi. Tamthilia iliyofuata, kuanzia mwaka 1972 hadi 1983, iliuchukua wimbo huo bila maneno, lakini mwandishi wa maneno aliendelea kuwa na fungu lake. Altman alipenda kusimulia kwamba yeye alilipwa dola 70,000 kwa kuongoza filamu, ilhali mwanawe alipata zaidi ya milioni moja.

Kwa nini Star Trek ina maneno ambayo hayajawahi kuimbwa katika kipindi?

Kwa sababu yaliandikwa kwa ajili ya mirabaha. Alexander Courage alitunga muziki wa Star Trek ya mwaka 1966, na ile sauti ya juu ya kike isiyo na maneno ni ya Loulie Jean Norman. Mkataba ulimruhusu Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia, kuandika maneno ya wimbo huo. Aliyaandika, na papo hapo akastahili nusu ya mirabaha, ingawa hayakukusudiwa kurushwa hewani. Courage alilalamika kwamba jambo hilo halikuwa la haki. Kisheria hakuwa na pa kushika, lakini ni vigumu kumpinga.

Kipindi kinaweza kutumia wimbo uliokuwapo tayari?

Ndiyo, na mara nyingine ndivyo inavyokuwa nafuu. The Lone Ranger ilitumia muziki wa Rossini wa mwaka 1829 na Alfred Hitchcock Presents ikatumia wa Gounod, watunzi waliokwisha kufariki zamani. Tamthilia za baadaye zilinunua haki za nyimbo za wakati wao. The Sopranos, iliyoanza mwaka 1999, ilichukua wimbo wa Alabama 3, bendi ya Brixton, London. Watu wengi huusikia kama wimbo wa jambazi wa New Jersey, kumbe ulichochewa na kisa cha mwanamke wa Uingereza aliyemuua mumewe baada ya kunyanyaswa kwa muda mrefu.

The Wire ilikwenda mbali zaidi: wimbo mmoja wa Tom Waits ulitumika katika misimu yote mitano, kila msimu na waimbaji wengine. Walianza The Blind Boys of Alabama, akafuata Waits mwenyewe, kisha The Neville Brothers, halafu DoMaJe, kundi la vijana wa Baltimore, na mwisho Steve Earle. Msimu wa nne ndio uliohusu watoto wa shule, na kuupa sauti za vijana wa mji uleule ulikuwa uteuzi wa busara kuliko wote.

Naweza kutumia wimbo wa kipindi katika video yangu nikikata sekunde chache tu?

Hakuna idadi ya sekunde ambayo sheria inaitangaza kuwa salama. Hiyo ni hadithi tu inayozunguka. Kuna haki mbili zinazohusika: ya utunzi na ya rekodi. Ukiupiga mwenyewe kwa gitaa umeepuka ile ya rekodi, lakini ya utunzi bado ina mwenyewe. Pale muziki ulipotokana na kazi ya kale, kama ile ya Rossini iliyotajwa juu, utunzi uko huru, ila rekodi ya okestra fulani huenda haiko huru.

## Nje ya televisheni

Nyimbo zipi zilishika chati za redio?

Zipo nyingi, mbili zinatosha kuonyesha njia tofauti. Ule wa Miami Vice, wa ala tupu, ulifika namba 1 katika Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, Novemba 1985. Jan Hammer, mzaliwa wa Prague aliyewahi kuwa katika bendi ya Mahavishnu Orchestra, alikuwa akiupiga karibu wote peke yake kwa kinanda na mashine za ngoma.

Ule wa Friends wa mwaka 1994 ulifika redioni bila kupangwa. Michael Skloff na Allee Willis walikuwa miongoni mwa watunzi wake, nayo bendi ya The Rembrandts ikaurekodi kwa muda mfupi unaotosha kufungulia kipindi. Kituo kimoja cha redio cha Nashville kikaurudufu hadi ukafikia urefu wa wimbo wa kawaida, kikaupiga, na simu za wasikilizaji zikamiminika. Bendi ililazimika kurudi studio kuutungia ubeti wa pili, na mwaka 1995 ukakaa wiki 8 kileleni mwa orodha ya nyimbo zinazopigwa zaidi redioni Marekani.

Je, kuna kipindi kilichobadilishwa jina kwa sababu ya wimbo?

Kipo. Kichekesho kilichokuwa kiitwe Kotter kiligeuzwa kuwa Welcome Back, Kotter baada ya John Sebastian kuleta wimbo wake. Ulifika namba 1 mwaka 1976.

Mbona katika wimbo wa All in the Family kuna mstari usiosikika?

Carroll O'Connor na Jean Stapleton, waigizaji wakuu wa kipindi, waliuimba wenyewe kwenye piano, kwa kuwa bajeti haikuruhusu zaidi. Mstari unaotaja gari la LaSalle ulikuwa ukimezwa, watazamaji wakaandika barua kuulizia, na hatimaye ukarekodiwa upya kwa matamshi yaliyokazwa. Anayesikiliza sehemu za mwanzo na za baadaye ataona tofauti.

Wimbo wa Ligi ya Mabingwa Ulaya unahesabiwa?

Kwa kazi yake, ndiyo, kwa kuwa mamilioni wanaufahamu kama dalili kwamba matangazo yameanza. Tony Britten aliutengeneza mwaka 1992 akiegemea muziki wa Handel wa mwaka 1727, ulioandikwa kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme George II wa Uingereza. Unaimbwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, lugha tatu rasmi za UEFA, na ndiyo maana hata anayejua mojawapo vizuri hupotea katikati.

Nyimbo za utambulisho zinakufa?

Netflix ilianzisha kitufe cha kuruka utangulizi mwaka 2017, na mwaka 2022 ilisema kwamba kwa siku ya kawaida kinabonyezwa mara milioni 136. Tarakimu hiyo hutajwa kama cheti cha kifo. Nami naiona kwa namna nyingine: anayetazama sehemu sita kwa usiku mmoja ana haki ya kuruka mara tano, na hilo halimaanishi kwamba hakuusikia mara ya kwanza. Zilizofifia kweli ni zile za kukifungua kipindi kwa haraka bila kuacha kitu masikioni. Kazi za Britell na Tapia de Veer, zilizoelezwa katika sehemu ya watunzi, zimetoka katika zama hizohizo za kitufe, na watazamaji wengi hukiacha bila kukigusa zinapoanza.